Gari la Chini, Gari la Juu na Magoti ya Baba

Kazi yangu ni kushona viti vya magari, mjini Geita. Nabadilisha sponji iliyolegea, navisha ngozi, naziba matundu ya sigara. Wateja wangu wengi ni wanunuzi wa dhahabu na watu wa machimbo, na hao hupenda magari ya juu, yale makubwa ambayo shimo la barabarani hayalioni. Mimi nilikuwa na gari la chini la watu watano. Nililinunua likiwa limechoka, nikalishona upya ndani lote, nikajaza sponji laini kuliko niliyowahi kumwekea mteja yeyote. Mtu akikaa, kiti kilimpokea taratibu mpaka kiunoni. Wateja waliokuja kuuliza bei niliwaambia wakae kwanza humo.

Baba yangu anaishi kijijini Samuye, mkoani Shinyanga. Ujana wake wote aliutumia kuswaga ng'ombe wa watu kwenda minadani, kwa miguu, siku tatu, siku tano, hata wiki mbili. Ni mtu mrefu, na mgongo wake haujapinda mpaka leo. Kilichokwisha ni magoti. Anatembea kwa fimbo kutoka nyumbani hadi zizini na kurudi, na akikaa anachagua kwa makini pa kukaa.

Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, rafiki yake wa zamani alifariki mjini Shinyanga, nikampeleka msibani kwa gari langu. Nilimweka siti ya mbele. Njia nzima alikuwa kimya, nami nikadhani anafikiria marehemu. Tulipofika, wanaume waliokaa chini ya turubai waligeuka kututazama. Nikamfungulia mlango. Akajaribu kuinuka, akazama. Akajaribu tena, akazama zaidi. Magoti yake yalikuwa juu kuliko nyonga, na mikono haikuwa na cha kushika. Wanaume wawili wakaja, mmoja akashika bega hili, mwingine lile, mimi nikamsukuma mgongoni kutoka ndani. Alitoka ghafla kama gunia. Kofia ilidondoka, koti likapanda hadi kwapani, kiatu kimoja kikabaki garini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tangu siku ile hakupanda gari tena. Si kwenda kanisani, si kwenda hospitali. Alipougua kifua alimwomba mama aende akamweleze daktari. Ukimuuliza, alijibu kwamba hapa nyumbani miguu yake inatosha.

Kisha mdogo wetu wa mwisho, anayefanya biashara Runzewe, akapata mchumba, binti wa familia ya wakulima wa Ushirombo, Wakatoliki wa kizazi hata kizazi. Ndoa ingefungwa Runzewe. Mama alinipigia simu akaniambia kwamba baba amesema hatakwenda, atatuma baraka zake. Wakwe wangelichukuliaje hilo, mama hakujua. Nilijua pia kwamba mdogo wangu hangelalamika mbele ya baba, na kwamba lingemuuma maisha yake yote.

Nikaona dawa ni gari la juu. Mteja wangu mmoja alikuwa ameniachia lake nimvishie viti upya, gari zuri la siti saba, na nilipomwomba nilitumie siku mbili hakusita. Nikaliendesha hadi Samuye nikiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: gari la chini lilimzamisha, basi la juu litamwinua.

Baba alitoka, akapokea shikamoo yangu, akalizunguka gari lote akiligusa kwa fimbo. Mlango ulipofunguliwa alisimama akautazama muda mrefu. Kizingiti kilikuwa juu ya goti lake, na siti ilikuwa karibu na kiuno. Aliinua mguu wa kulia. Ulifika nusu ya njia ukakataa. Akajaribu wa kushoto. Nikanyoosha mikono nimsaidie, akanitazama, nikaishusha.

"Lile la kwanza nilizama kama kisimani," akasema. "Hili nipande kama darini. Hakuna gari la watu wanaokaa tu?"

Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti chake cha mninga karibu na mlango. Nilimtazama anavyokaa: alikipa kiti mgongo, akakigusa kwa nyuma ya miguu, akashuka taratibu. Baadaye mama alipomwita akainuka mwenyewe, hata fimbo hakuigusa. Nimepima viti vya magari maisha yangu yote, na sikuwahi kukipima kiti cha baba yangu. Nikachukua tepu. Kutoka sakafuni hadi pa kukalia, sentimita hamsini na mbili. Nikaenda kupima siti ya gari la juu kutoka ardhini: themanini na nne. Lile la chini nilikuwa nalijua kwa kichwa: arobaini na tatu, na mtu akishaketi kwenye sponji yangu inashuka mpaka thelathini na saba. Kati ya kisima na dari palikuwa na mahali, na hakuna gari hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa napo.

Siku iliyofuata nilipita Shinyanga mjini, kwenye duka la Wahindi ninakonunua ngozi na sponji tangu nianze ufundi. Mwenye duka alikuwa amesafiri, nikamkuta mama yake, bibi wa Kihindu aliyezaliwa papo hapo Shinyanga, ambaye husalimia wateja wa Kisukuma kwa Kisukuma chao. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mbona natafuta sponji ngumu, mimi ninayemmalizia laini kila mwezi. Nikamweleza habari ya baba. Nilieleza kwa kifupi, ila la msibani nililisema.

Aliniambia nimfuate nje. Magoti yake nayo yalikuwa mabovu. Alitembea akishika ukuta. Gari lao lilikuwa la juu, ingawa si kubwa kama la mteja wangu. Mlangoni aliweka kibao kipana cha mbao, kifupi tu. Akapanda juu yake, akaligeuzia gari mgongo, akashika fremu ya mlango, akakalisha makalio kwanza miguu ikiwa bado nje. Juu ya siti kulikuwa na kitambaa cha satini. Akakusanya miguu yote miwili pamoja, akazunguka juu ya satini kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, na tayari alikuwa anatazama mbele.

"Vijana mnaingiza mguu kwanza," akasema. "Mzee anaingiza makalio kwanza. Na hicho kiti chako laini, ulimshonea baba au ulishonea wateja?"

Niliagiza sponji ngumu. Alinikatia yeye mwenyewe kipande cha satini, akakataa nikilipie, akaniambia nimsalimie mzee.

Nilirudi Geita nikatoa siti ya mbele ya gari langu, nikaichana. Kazi niliyojivunia nikaitupa sakafuni. Niliweka sponji ngumu tabaka tatu, nyuma nikaipandisha kidogo ili nyonga zikae juu ya magoti, pembeni nikaondoa yale matuta yanayomkumbatia dereva wa mbio na kumfunga mzee. Nikainua fremu. Ikafika hamsini na moja, na nilipoikalia haikushuka hata kidole. Lakini kila unachompa mtu chini unamnyang'anya juu. Nilipokaa, nywele zangu ziligusa dari, na baba ni mrefu kunizidi. Ilinibidi nisogeze reli nyuma kabisa na kulaza kidogo mgongo wa siti, nikapata nafasi ya kichwa upana wa kiganja. Gari la juu lingempa nafasi ya kichwa mara mbili ya hiyo bila jasho. Ndipo nilipoelewa kwamba wateja wanaobishana kibandani kwangu gari gani lina nafasi zaidi huwa wanazungumzia miili tofauti.

Wiki ya harusi nilifika Samuye na magari yote mawili. La juu, nililomwomba tena yule mteja na kulichongea kibao, liliendeshwa na shemeji yangu. Nilitaka baba achague. Nilimwonyesha namna ya yule bibi, nikasema salamu zake, kisha nikaondoka nikaenda zizini na mama ili asiwe na mtu wa kumtazama. Mama alichungulia, mimi nilijizuia. Tulisikia mlango ukifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Halafu mlango mwingine. Tuliporudi alikuwa ameketi ndani ya gari la chini, kofia mapajani, miguu imenyooka.

Nilimuuliza kama la juu limemshinda. Alisema hapana, amepanda na kushuka, na dirisha lake ni zuri, mtu anaona mashamba yote. Lakini pale juu, alisema, wakati wa kushuka hajui ardhi iko wapi. Hapa anakanyaga udongo kwanza ndipo anainuka.

Kwa hiyo mashangazi walipata gari la juu, na walilikimbilia. Wale wawili waliokaa siti za nyuma kabisa waligundua kabla ya Kahama kwamba gari kubwa kwa nje linaweza kuwa na kona ya kufungia mbuzi kwa ndani. Walisafiri magoti yakiwa kidevuni, na kila tuliposimama walibadilishana zamu. Mama na shangazi mkubwa, wakiwa wawili tu siti ya nyuma ya gari dogo, walisogea upande wangu, wakanyoosha miguu na kulala.

Baba hakulala. Kuanzia Kahama alianza kusema, na sikumbuki lini alisema mengi hivyo. Alinionyesha pa kunyweshea ng'ombe ambapo sasa pamekuwa kituo cha mafuta. Alisema Runzewe alifika wakati ni pori la mbung'o, akiwa na ng'ombe wa tajiri fulani, na alilala juu ya mti. Sote wawili tulikuwa tunatazama mbele, barabarani, na labda ndiyo maana niliweza kusema nililolibeba miaka miwili.

"Baba, siku ile ya msiba kosa halikuwa miguu yako. Ni kiti nilichokishona mimi."

Aliigeuza kofia mapajani, akaigeuza tena.

"Nilidhani nimezeeka ghafla, siku moja," akasema. "Kumbe ni godoro."

Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, mpaka mama akaamka akauliza kuna nini.

Nje ya kanisa la Runzewe wakwe walikuwa wamejipanga kutupokea. Nilizima gari nikaenda kumfungulia, kisha nikarudi nyuma hatua mbili. Alizunguka juu ya satini, akaweka miguu yote chini, akavaa kofia, akashika fremu ya mlango, akainuka. Mzee wa Ushirombo, baba wa bibi harusi, alikuja ameshanyoosha mikono miwili, na baba alikuwa tayari amesimama kwa urefu wake wote kumpokea. Walisalimiana muda mrefu, huyu kwa Kisumbwa, yule kwa Kisukuma, wakicheka wasipoelewana. Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa kanisa ndani ya suti yake. Aliona yote. Alitoa leso akajifanya anafuta jasho.

Mwezi uliofuata baba alinipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya. Aliuliza kama siti bado iko vile vile. Nikamwambia iko. Akasema anataka aende hospitali kuangaliwa kifua, na baada ya hapo, kama nina nafasi, nimpeleke Nkome, kwa sababu ametembea nchi hii yote lakini ziwa hajawahi kulifikia. Ng'ombe aliowaswaga walikuwa wanaishia minadani.

Ijumaa tulikwenda hospitali, na Nkome asubuhi ya Jumamosi. Niliegesha karibu na mwalo, ufuko wa wavuvi wanakoanika dagaa. Alifungua mlango mwenyewe, akageuka, akaweka miguu juu ya mchanga, akabaki ameketi hivyo akitazama maji na mitumbwi. Mama mmoja muuza dagaa alikuja na ndoo, na baba akaanza kupatana naye bei kwa Kisukuma, bila haraka yoyote, kama mtu aliye nyumbani kwake.