Mzazi Asiyejibu Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini, Monitrisi alinifunga tabulie ya buluu, yaani aproni, akanisimamisha katikati ya wodi ya uzazi na kusema, "Angalia hawa mama. Mwenye iko karibu, uniite." Monitrisi kilikuwa cheo chake, yaani muuguzi anayefundisha wakunga, na muda wote niliokaa pale sikuthubutu kumwita kwa jina jingine. Wanafunzi wa majaribio tulivaa buluu. Ukifaulu unapewa nyeupe. Ukishindwa unapandishwa meli, unarudi kwenu.

Kwetu ni Ujiji. Nilikuja Bujumbura miaka michache baada ya uhuru, wakati wazee wetu walikuwa bado wakiuita mji huo Usumbura. Dada yangu mkubwa alikuwa amefia uzazini, mtaani kwetu hapakuwa na mkunga aliyesomea, na mama aliniaga kwa neno moja tu: usirudi mikono mitupu. Kifaransa changu kilitosha kuombea maji ya kunywa. Nyinyi mnaosoma leo huku simu inawatafsiria, mshukuruni Mungu.

Sasa, kwetu mwanamke akishikwa na uchungu mtaa mzima unajua. Humwita Mungu, humwita mama yake, na mumewe akipita karibu hutukanwa. Kwa hiyo mle wodini nilifuata kelele. Haikupita wiki, nikawa nampepea mama mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, aliyekuwa akilia kwa sauti ya kuvunja madirisha, kumbe nyuma yangu mama mwingine, mtu wa milimani, ametulia kimya kama anayesubiri duka lifunguliwe, na mtoto anatoka. Monitrisi alifika mbio, akamdaka yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa mzima.

"Hakulia, Monitrisi," nilijitetea.

"Nani alikuambia lazima alie? Mi nilikuambia uangalie, we unasikiliza. Ukikosa tena, bateau ya Kigoma inakungoja." Bateau ndiyo ile meli.

Nilikuwa nakaa Buyenzi kwa mjomba wangu, fundi wa magari, katika nyumba iliyobanwa na gereji huku na huku. Buyenzi sikupata shida. Adhana ilikuwa ile ile, na Kiswahili chao kilinichekesha kama changu kilivyowachekesha wao. Mji uliobaki ndio ulionishinda. Watu waliongea kwa sauti ya chini, hukujua nani amefurahi na nani amekasirika, nami nikaamua kwamba wananidharau. Jioni ile nilirudi nikalala chali, chakula sikutaka.

Mke wa mjomba, Mama Saidi, alikuwa Mrundi wa milima ya Muramvya, alisilimu alipoolewa. Alikuja na sahani, akakaa kitandani.

"Kula kwanza, halafu utalia."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Saidi nilimuzaa nikichambua maharage. Mama mukwe alikuwa hapo mbele yangu, hakujua kitu."

"Kwa nini hukulia, mama?"

"Kwetu ukilia watakucheka mpaka uzeeke. Sikiliza, mutoto yangu. Uso usiamini, uso inafundishwa. Angalia vidole ya miguu, ile hakuna mutu anafundisha. Na umusalimie kila mara. Akijibu upesi, bado. Akichelewa, anangoja maumivu ipite kwanza. Akikosa kujibu, kimbia."

Akanifundisha salamu yao, amahoro, maana yake amani, nayo hujibiwa hivyo hivyo, amahoro. Nilikula sahani yote.

Tangu kesho yake nikawa napita kitanda hadi kitanda nikisalimu, mpaka wenzangu wakanipachika jina la Madamu Amahoro. Msidhani niliacha mambo ya shule. Tulipima kwa vidole jinsi njia ilivyofunguka, na moyo wa mtoto tuliusikiliza kwa kipembe cha mbao, upande mmoja kwenye tumbo na upande wa pili kwenye sikio. Lakini huwezi kumpima kila mzazi kila dakika. Kumsalimu unaweza. Na kadiri nilivyosalimu ndivyo nilivyogundua kwamba watu wale hawakuwa wamenidharau hata kidogo. Walikuwa wakinijibu siku zote, ila mimi nilikuwa nasubiri kelele.

Majaribio yalipokaribia kwisha, wodi ilijaa. Ndani mama mmoja alikuwa anamwita Mungu na mitume wote, na Monitrisi alikuwa kwake. Nje, kwenye benchi ya wanaosubiri, alikuwa amekaa msichana aliyefika kwa miguu na mama mkwe wake, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa vizuri. Nikamwambia amahoro. Alinitazama, akatabasamu, hakujibu. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjika vinang'ang'ania sakafu.

Nikaingia ndani. "Monitrisi, wa benchini kwanza."

"Analia?"

"Apana. Hajanijibu."

Kama nilikuwa nimekosea, meli ilikuwa yangu. Monitrisi alinitazama kidogo, akamwachia mwenzake yule mgonjwa, akanifuata. Hatukuwahi hata kufika naye kitandani. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni, uso umekuwa wa buluu kama tabulie yangu, na Monitrisi akakifungua kwa vidole vyake vyepesi. Mtoto alipolia, nami nililia, nadhani kumshinda. Yule msichana akanigusa mkono, akaniambia, "Amahoro." Alikuwa ananijibu.

Monitrisi alinawa mikono bila haraka. "Kesho ukuje, nitakupatia nyeupe," alisema.

Nilipomaliza nilirudi nyumbani, nikapangiwa Kigoma, kisha Kasulu, kisha Kibondo. Huko Kibondo wakaanza kuvuka mpaka wanawake wajawazito waliokimbia makwao Burundi, wamekaa kimya kwenye mistari. Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mwenye haraka, aliniuliza, "Sista, mbona unawatazama miguu?" Nikamjibu kwamba nimesoma Bujumbura. Alidhani namtania.

Sasa nimestaafu. Siwezi kukumbuka nimepokea watoto wangapi, ila najua ni mikono ya nani iliyonishika nisirudi mikono mitupu, na nimewashukuru kila sala. Mwaka niliostaafu nilivuka kwenda Buyenzi kumshukuru Mama Saidi kwa mdomo. Nilimkuta mzee sana, amekaa mkekani, mtandio safi, anaagiza wajukuu waniletee chai. Wao waliniambia bibi hana tatizo, halalamiki kitu.

"Amahoro, Mama Saidi."

Alitabasamu. Jibu halikuja. Nikatazama miguu yake pale mkekani: vidole vilikuwa vimekunjika.

Nilisogea nikakaa upande wake, nikamshika mkono, nikangoja naye mpaka alipoweza kunijibu.