Watoto Waliosahau Nyimbo

Wa kwanza alikuwa Najat. Katika chekechea nzima ya Kigombe hapakuwa na mtoto mwenye mdomo kama wake. Wimbo akiusikia mara moja, anao. Mwalimu Mwanasiti alijivunia hilo, maana Najat alikuwa binti wa mdogo wake, Sabiri. Lakini baada ya Ramadhani mtoto akawa anauanza wimbo, anafika katikati, anakodoa macho, kisha anakaa chini kimya. Tumbo likawa linamkata. Bibi yake akasema ni chango.

Kisha Masoud naye akakataa uji, akawa wa kuegemea ukuta tu. Akafuata mwingine. Darasa lililokuwa na kelele za mnada wa samaki likawa linapoa wiki hadi wiki, na kila asubuhi Mwanasiti alifungua mlango akijiuliza: leo nani? Mtaani walikwishasema jengo lina kitu. Wazazi wengine wakawachukua watoto wao bila hata kuaga.

Nesi Consolata wa zahanati alikuwa akija kila mwezi kuwapima watoto uzito na kuwapa dawa za minyoo. Safari hiyo Mwanasiti hakungoja mizani itundikwe.

"Nesi, wewe unawaona mara moja kwa mwezi, mimi nashinda nao. Hii si minyoo. Hawa wanasahau."

"Wanasahau nini?"

"Walichokwisha kukijua."

Consolata akawafunua kope mmoja mmoja. Weupe mtupu, hawana damu. "Hukaa wapi darasani hawa?"

Mwanasiti akaonyesha, na alipoonyesha ndipo alipoona: wote walikaa chini ya dirisha la nyuma. Nesi akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, kikatoka na vumbi la kijivu.

"Nyuma hapa kuna nini?"

Nyuma palikuwa na kiwanja cha marehemu baba yake Mwanasiti. Hapo Sabiri alipasua betri kuukuu za magari, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kuyamimina yawe chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Pwani nzima ilinunua kwake.

Damu za watoto zikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, hakuna aliyesalimika. Kila mtoto alikuwa na sumu ya risasi, na Najat aliwapita wote.

"Dada, mimi naishika kila siku," Sabiri alisema alipoambiwa. "Mbona mzima?"

Kikombe cha chai kilikuwa kikigongagonga sahani mkononi mwake. Mwanasiti alikitazama, akakipokea.

Moto ukazimwa siku ile ile. Darasa likahamia baraza ya madrasa, na Consolata akawa anakuja kila wiki. Masoud akarudiwa na rangi, akaanza tena ugomvi. Najat alilazwa mjini, akarudi amenenepa, anacheka, ila jina la shangazi yake alilitafuta kwa muda kabla ya kulipata.

"Yatarudi yote?" Mwanasiti aliuliza.

"Mengine hurudi," nesi akajibu. "Mengine tutayajua akikua."

Masika ikapiga kwa nguvu mwaka huo. Maji ya kile kiwanja yakateremka, meusi, hadi kwenye kisima cha nyumba za bondeni. Mvua ilipokatika, mwalimu na nesi wakashuka pamoja, wakabisha hodi nyumba ya kwanza.

"Karibuni," mama mwenye nyumba akaitikia.

"Una mtoto mdogo, mama?"

"Ninaye, yuko ndani," akasema, akigeuka kumwita. "Ila siku hizi kawa mkimya, hata sijui kapatwa na nini."