Mrithi Haachiwi Wasia

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa utaratibu: nikianza jambo, siliachi mpaka nijue sheria yake inasemaje. Ndivyo nilivyosoma habari za binti mmoja wa mfalme huko Ulaya, aliyeolewa na mtu wa madhehebu mengine akayafuata. Katika nchi ile, anayerithi kiti lazima awe wa kanisa la kifalme. Binti alibakiwa na cheo chake cha kuzaliwa, lakini kati ya warithi hayumo tena.

Nilimsimulia baba habari hizo makusudi, kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu aliolewa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, na mvuvi Mkristo, akabatizwa. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Akarudi kwetu Kasingirima, akakaa chumba cha uani na kumuuguza baba. Mwezi wa Ramadhani alimpikia futari. Jumapili alijifunga kitenge akaenda kanisani. Watu wakimuulizia, baba alisema, "Amekwenda Kibirizi kununua dagaa."

"Mzee," jirani alimtania siku moja, "hao dagaa wa kila Jumapili, mbona harufu yao haifiki kwetu?"

"Pua yako imezeeka," baba akamjibu.

Habari za binti wa mfalme alizisikiliza kwa makini.

"Huyo mfalme ni kama Mwami wa kwao mama yenu?"

"Kama huyo, baba."

"Na binti yake bado anaitwa binti wa mfalme?"

"Anaitwa."

"Basi. Damu haifutiki."

"Cheo hakikufutwa, baba. Kilichofutwa ni haki ya kurithi. Ni mambo mawili."

Nikamweleza la kwetu. Asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Lakini mtu anaweza, akiwa hai, kumwachia wasia asiyekuwa mrithi wake, mradi asivuke theluthi ya mali. Nikamwomba amwachie mdogo wangu kile chumba cha uani, mbele ya mashahidi, ili asije akakosa pa kulala.

Baba akajiinua kwenye mto.

"Wasia anaachiwa nani?"

"Asiyekuwa mrithi."

"Na mrithi?"

"Mrithi haachiwi wasia."

"Umejijibu mwenyewe, mwalimu wa vitabu. Nikimwachia wasia, nimesema kwa kinywa changu kwamba yule hayumo. Silisemi hilo. Mwanangu ni mrithi wangu, kama ninyi."

Nilirudia ombi lile mara nyingi, na kila mara alinijibu hivyo hivyo. Haikuwa kwamba hakuielewa sheria. Aliielewa kama mimi. Alichokikataa ni ule mlango mmoja ambao sheria ilimwachia, kwa sababu juu yake paliandikwa kwamba amempoteza binti yake. Akafa bila kuufungua.

Baada ya arobaini, sheikh alikuja kugawa mirathi. Mama alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo tulikaa mkekani watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu karibu na mlango.

"Na huyu?" sheikh akauliza.

"Huyo ni Mkristo, sheikh," kaka akasema.

Sheikh hakutosheka na neno la kaka. Alimgeukia mdogo wangu mwenyewe, akamuuliza kwa upole, "Mama, siku mzee anafariki, wewe ulikuwa Mwislamu?"

Nilitamani aseme ndiyo. Baba alikuwa amemsemea miaka yote, na jirani wa dagaa angenyamaza. Namjua kaka: mbele ya sheikh asingethubutu kumbishia mwenyewe. Neno moja tu lilitosha.

"Nilikuwa Mkristo, sheikh."

Sheikh akashusha pumzi. "Marehemu hakuacha wasia? Hata wa chumba tu? Nisingekuwa na neno."

"Hakuacha," nikasema.

"Basi mimi sina njia. Ninyi wenyewe mkipenda kumpa, mpeni."

Kaka alitaka nyumba iuzwe, anunue mashine ya boti. Nilimsihi tumwachie chumba. "Nani atanunua nyumba yenye mtu ndani?" akaniuliza, na kwa hesabu ya kuuza nyumba alikuwa sahihi. Nikamwendea mdogo wangu, nikamwambia fungu langu ni lake.

"Dada, lako ni nusu ya la kaka, na hilo ndilo unipe mimi? Tutalala wote wawili kizingitini." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa baba nilikuwa mtoto. Usinifanye maskini wa kupewa."

Niliendelea kumbembeleza mpaka mnunuzi alipokuja kupima kiwanja. Hakubadilika. Nilimsindikiza Kibirizi akapanda boti ya Mwamgongo, kwa wakwe zake, mjane asiye na mtoto kati yao.

Kaka alinikuta nikilia jikoni. "Haki yako umepata," akasema. "Unalia nini?" Ni kweli nimeipata, na kila kitu kimefanywa kama kinavyotakiwa. Nimevipitia vitabu vyangu tena. Sijaona mahali tulipokosea.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Nilimuuliza wanamtunzaje.

"Vizuri," akasema. "Wamenipa kona ya jiko. Ila wameanza kuniuliza nitarudi lini kwetu."