Vitabu vya Wageni

Mjukuu wangu alirudi mapema akasema mwalimu anataka mzazi. Mama yake yuko kazini kwa shamba la maua, na huko ukiomba ruhusa unaangaliwa kama mtu ameiba waridi. Kwa hivyo mzazi nikawa mimi, na magoti yangu haya.

"Umepigana?"

"Hapana, shosho. Niliuliza swali."

"La matusi?"

"La ziwa."

Alitaka kujua mbona ziwa letu la Naivasha linapanda mpaka linaingia nyumba za watu, hata wakati mvua hakuna. Mwalimu akamwambia hilo haliko kwa somo la leo. Akauliza tena. Darasa likacheka, likamwita Mheshimiwa, eti kazi yake ni kusimama na kuuliza kama mtu wa bunge.

"Sitauliza tena," akaniambia, akavua viatu.

Hapo ndipo nilitoka kwa kiti. Mtoto huyu amenichosha na mbona zake tangu aanze kuongea. Mbona kuku hakojoi, mbona mvuke unaotoka ardhini kule Olkaria haukauki. Mimi shule niliachia darasa la tatu, majibu sina. Lakini huyu wangu ana kichwa, na sikutaka akifunge.

Shuleni mwalimu nilimpata macho mekundu, mbele yake mlima wa madaftari ya kusahihisha. Hakuwa mtu mbaya.

"Shosho, nikijibu kila mmoja, silabasi nitamaliza lini?"

"Kama hujui, sema hujui."

"Niseme sijui? Kesho watanipanda kichwani."

"Na ile maktaba mlijengewa?"

Akanipeleka. Kufuli. Ndani vitabu vipya, vingine bado vimevalishwa plastiki, vumbi juu.

"Mwalimu mkuu anaogopa vichafuke," akasema. "Tunafungua wageni wa kaunti wakija."

Nilicheka hadi nikashika mlango. Hata mimi nina vikombe vya wageni kabatini, sisi tunakunywa chai kwa vile vimekatika masikio. Lakini kikombe ni kikombe tu. Nikamwendea mwalimu mkuu, mama wa rika la binti yangu, nikamuuliza, "Mwanangu, watoto hawa wamekosa vitabu kwa sababu si wageni?"

"Mama, ni nani atawachunga? Walimu hawatoshi."

"Nitakaa mimi," nikasema, kabla magoti hayajanikataza.

Sasa kila Ijumaa mchana nakaa pale mlangoni nikikagua mikono kama askari wa geti. Wananiita Shosho Sabuni. Mgongo unauma, na nikifika nyumbani nguvu ya kumenya viazi ni kidogo. Mjukuu wangu alikuwa anakuja, anafungua picha, anaenda. Neno hakuna. Hata jikoni, pale alikuwa akinijaza maswali, nilikuwa nasikia kisu changu tu. Nikaanza kufikiri nimekaa bure.

Halafu Ijumaa iliyopita nikamsikia dirishani, darasa lao limepakana na maktaba. "Lakini mwalimu, mbona..."

"Mheshimiwa!" wenzake wakapiga kelele.

Mwalimu alipumua nikamsikia mpaka nje. "Sijui," akasema. Hakuna aliyempanda kichwani. "Enda utafute kwa vitabu, halafu uje utuambie."

Hakuja peke yake. Nusu ya darasa ilimfuata mbio, wanasukumana, na mimi nilikuwa hata sijainuka vizuri.