Jepchirchir Hamuuzii Asiyemaliza

Ukitaka kununua chapati kwa Jepchirchir ilikubidi kwanza ujibu swali. Alisimama mlangoni kwako na mfuko wake wa kitambaa, akakutazama usoni, akauliza, "Zimeisha?" Alikuwa anauliza zile za wiki iliyopita. Ukisema zimeisha, alicheka mpaka macho yakafumba, akakupa mpya. Ukisema bado zipo mbili tatu, aligeuka akaondoka. Ungemwita, ungemwonyesha pesa, ungemweleza kwamba una wageni wanakuja, wapi. "Maliza kwanza," alisema, na huyo kwa mteja mwingine.

Wakenya wenzake walikuwa wanacheka kwamba biashara haifanywi hivyo. Mimi niliona inafanywa hivyo hasa. Yule dada alikuwa anapika ili watu wale, na alitaka kujua kama wamekula. Mpishi gani hataki kujua?

Mimi ni Marie-Goretti, Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, na hapa Euless, ughaibuni, nafanya kazi kwenye jiko linalopakia vyakula vya abiria wa ndege. Tunaishi karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita tunanyamaza wote, ikishapita tunaendelea na sentensi. Jepchirchir na mama yake, Celestine, walikaa ghorofa ya juu yangu. Celestine alikuwa nesi. Alitoka Eldoret na watoto wawili, Kigen na huyu Jepchirchir aliyezaliwa na Down syndrome. Kule aliambiwa amfiche ndani wageni wakija. Akaona bora ahame yeye kuliko kumficha mtoto.

Huku hakuna aliyemwambia amfiche. Huku walimsifu. Hoteli moja ya karibu na uwanja ilimwajiri kukunja taulo, wakampiga picha akiwa na sare, wakaibandika ukutani penye lifti na maneno kwamba hapa kila mtu ana nafasi. Baada ya muda wakasema yuko taratibu mno, wakamwachisha kazi. Picha waliiacha. Celestine alienda kuidai, wakamwambia ni mali ya hoteli.

Ndipo Celestine akamfundisha chapati. Unga ulipimwa kwa kikombe chekundu, hicho hicho siku zote, na maji kwa kikombe hicho hicho. Kuhusu kukanda, alimwambia unga uwe laini kama ndewe ya sikio. Basi Jepchirchir akikanda alikuwa anashika unga, anashika sikio, anashika unga tena, mpaka vilingane. Siku za kupika ungemjua tu, sikio moja jeupe. Alizipanga kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa uzi mwekundu wa sufu, mafundo matatu, akiyavuta kwa meno. Jumamosi mimi au mama yake tulimpeleka kwa gari kuzigawa, Euless mpaka Arlington, kwa manesi wenzake Celestine na watu wa kanisani kwao. Zilikuwa chapati nzuri. Si nzuri za kumhurumia mtu, nzuri za kugombania na wanangu.

Celestine alikufa Februari, akiwa zamu. Moyo ulisimama akiwa katikati ya manesi wenzake, na hawakuweza kuurudisha. Tuliopanda kumwambia Jepchirchir tulimkuta anakanda. Alisikiliza, akanawa mikono, akauliza mama atakula saa ngapi. Tulimweleza tena. Safari hiyo alielewa, na alilia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Kigen alikuja kutoka Houston usiku huohuo. Si mtu mbaya, niseme mapema. Ana kazi ya ofisi, ana mke, ana watoto wadogo, na uso wa mtu asiyelala. Tulikaa jikoni kwa mama yake akaniambia jambo lenyewe bila kuzunguka.

"Auntie, kuna home nilipata huko Houston, wanalea watu wazima kama yeye. Wako na space. Lakini Mum hakutaka. Mum alisema Jep ana kazi yake hapa, ana wateja wake. So nitalipia hii nyumba mpaka summer, na wewe umwangalie kama utaweza. Wateja wakibaki, anabaki. Wakiisha, nitamchukua."

"Watabaki," nikasema.

"Sawa. Nitakuja nione."

Jepchirchir alikuwa amesimama mlangoni. "Nabaki," akasema, akaenda kuosha kikombe chekundu.

Kabla ya mwili kusafirishwa Eldoret kulikuwa na harambee katika ukumbi wa kanisa lao, Arlington. Jepchirchir alipika tangu asubuhi, kwa sababu kwenye msiba watu hula. Tulifika na mifuko yake, mzee mmoja anayeitwa Elkana akaipokea kwa heshima na kuipeleka mbele, penye picha ya Celestine. Sikujua anaipelekea nini. Kwetu chakula cha msibani hupelekwa jikoni.

Elkana akaanza mnada. Aliinua mfuko mmoja wa chapati, watu wakapandishiana bei, mtu akashinda, wote wakapiga makofi. Kisha yule aliyeshinda akaurudisha mfuko mezani. Elkana akauinua uleule, ukanunuliwa tena, ukarudi tena. Mimi Mkatoliki wa Burundi nimekaa pale nashangaa. Na Jepchirchir naye, mbele kabisa, anatazama chapati zake zinakwenda na kurudi. Kila ziliporudi uso ulimshuka kidogo.

Sikuvumilia. Nikanyoosha mkono, nikataja kiasi nilichokuwa nacho, na nadhani walinihurumia kwa sababu nilikuwa mgeni, wakaniachia. Nikaupokea mfuko, nikakata uzi kwa meno, nikala. Nilikula moja nzima, nikamega ya pili nikampa bibi aliyekaa kando yangu. Watu wakageuka kunitazama. Bibi yule akaninong'oneza, akiwa na kipande mkononi, "Mama, huwa tunarudisha. Ni ya kuchangisha tu."

Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe desturi yao ni kwamba kitu cha mnada hakichukuliwi, kinazungushwa mpaka kilete fedha ya kutosha, na mimi nimeutafuna mchango wa marehemu mbele ya picha yake. Lakini Jepchirchir alikuwa ameinuka. Aliuliza kwa sauti, toka kule mbele, "Zimeisha?"

"Karibu zinaisha," nikamjibu.

Alicheka. Ndiyo mara pekee aliyocheka wiki ile, na watu wakacheka naye, wengine wakilia. Elkana akashika maikrofoni akasema huyu ni binti yetu sote na biashara yake haitakufa. Watu wakaitikia amina. Everline, rafiki mkubwa wa Celestine, nesi pia, alisimama akaahidi kununua kila wiki mpaka Mungu amchukue.

Wiki za kwanza walinunua. Halafu Jepchirchir akaanza kurudi na mifuko. Wengine walimjibu kweli, kwamba za wiki jana bado zipo, akawapita kama ilivyo sheria yake. Wengine hawakufungua mlango huku gari zao ziko nje. Mmoja aliniambia kwenye simu kwamba yeye alikuwa ananunua kwa ajili ya Celestine, na sasa Celestine hayupo, nielewe. Nilielewa, nikakata.

Everline hakubadilika. Kila Jumamosi alimkumbatia mlangoni. "Zimeisha?" "Zimeisha, mamangu, na zilikuwa tamu ajabu." Alichukua mifuko yake na akachukua hata ile waliyoikataa wengine. Ikafika mahali karibu chapati zote za Jepchirchir ni za Everline. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama. Nilimtaja kwenye rozari, kwa jina.

Kigen alikuja Mei kuona, kama alivyosema. Tulikwenda naye kugawa, yeye akiendesha. Mlango wa kwanza hawakufungua. Wa pili walisema bado. Jepchirchir hakuonekana kujali. "Twende kwa Everline," akamwambia kaka yake, kwa fahari, kama mtu anayekupeleka kuona shamba lake.

Everline alitupokea vizuri, akamsifu mtoto mbele ya kaka yake. Jepchirchir akauliza swali lake, akajibiwa jibu lake. Siku hiyo mifuko ilikuwa mingi. "Nitakuwekea kwa friza," akasema, kwa kuwa alitaka Kigen amwone anavyohudumia mteja. Everline akamwambia asijisumbue, aache tu mezani. Akamwambia tena, haraka haraka, akainuka. Lakini Jepchirchir alishapita mlango wa gereji.

Tulimkuta ameshika kifuniko cha friza, lile kubwa linalofunguliwa kwa juu. Lilikuwa limejaa mifuko ya nailoni yenye uzi mwekundu, mafundo matatu. Ya juu ilikuwa ya wiki jana. Chini yake mingine, na mingine, imeshikana na barafu. Kwa wingi ule, ya chini ilikuwa ya wakati Celestine yuko hai.

Hakupiga kelele. Alianza kuitoa mmoja mmoja na kuipanga sakafuni kando ya gari. Kigen alitaka kumshika mkono, akamkwepa. Alipofikia ile iliyogandamana akavuta mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akamgeukia Everline.

"Umeonja?"

Everline alifungua mdomo. Namwona mpaka sasa, mama wa watu, mikono imeshikana tumboni. "Jep, sweetheart, mimi niko na sukari. Daktari alinikataza vitu vya ngano. Nilikuwa tu nataka ku-support, kwa sababu nakupenda. Nilimwahidi Mum."

"Umeonja?"

"La," akasema Everline. "Hapana, mamangu. Sijaonja."

Nilimwambia neno baya Everline siku ile, kwa Kirundi, na nafurahi hakulielewa. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa amenunua. Angekataa kama wale wengine, mtoto angejua mapema, angetafuta wateja wenye njaa. Huku kuna Warundi, kuna Wakongo, kuna madereva wa malori wanaoota chapati. Nani angewatafuta, na kila wiki Everline anasema zimeisha? Alimpenda kweli. Hilo ndilo linaniuma. Sina hata wa kumchukia.

Garini Jepchirchir alikaa nyuma nami. Tulipofika barabara kuu aliniuliza, "Na wewe, Auntie?"

"Zangu nimekula zote. Wanangu wamekula."

"Kweli?"

Niliapa. Alinitazama muda mrefu, na niliona kwamba kiapo changu na "zimeisha" ya Everline kwake sasa ni kitu kimoja.

Hakupika tena. Niliwaleta Warundi wenzangu, Leonce na wenzake wa ghala, watu wanaokula, wakagonga mlango wakisema wanataka chapati. Akasema hauzi. Unga ulikaa kabatini, sikio lake likabaki safi. Kigen alingoja mpaka shule za watoto wake zilipofungwa, halafu akaja na gari kubwa. Sikumlaumu. Wateja walikuwa wameisha, kama tulivyopatana.

Siku moja kabla ya kuondoka, Jepchirchir alishuka kwangu bila hodi. Alifungua friji yangu, akafungua friza, akainama kutazama chini ya barafu. Akafungua makabati. Akafunua pipa la taka na kutia mkono. Nilimwacha. Hakukuta kitu, kwa kuwa hakikuwepo. Akapanda juu, na baada ya muda nikasikia harufu ya chapati inashuka ngazi. Akaniletea mfuko mmoja, uzi mwekundu, mafundo matatu. Sikio lilikuwa jeupe.

Nyumba ya Houston nimeiona. Ni safi. Ina bustani, ina runinga, wahudumu wanaongea kwa upole. Jiko lina mlango wa kufuli, kwa sababu ya moto na bima, na chakula huletwa kwenye trei. Kikombe chekundu kipo chumbani kwake, kina mswaki.

Ule mfuko wa mwisho sikuula. Ulikuwa wa mwisho, ningeulaje? Niliuweka kwenye friza nyuma ya samaki, na kila nikifungua nauona uzi. Jumapili iliyopita Kigen alimtembelea dada yake, akampa simu tuongee. Nilimuuliza habari za huko, akanijibu nzuri, nzuri, kama watu wanavyojibu. Kisha akauliza swali lake.

"Auntie. Zimeisha?"

Ulimi ulikuwa tayari kabisa kumwambia ndiyo. Nikamwambia, "Bado. Subiri, usikate." Nikaweka simu mezani, nikatoa mfuko, nikakata uzi. Nikazipasha kwenye kikaango moja baada ya nyingine, nikakaa, nikala. Zilikuwa zimekauka kidogo pembeni na zilikuwa tamu. Nilikula zote, hata tumbo lilipokataa, na yeye kule anasikiliza ninavyotafuna, hakatizi.

"Sasa zimeisha," nikamwambia.

Alicheka. Kicheko kilekile, najua macho yalifumba. "Basi Jumamosi nakuletea zingine," akasema.

Nikamwambia sawa, nitamngoja.