Tulivyopeleka Spika kwa Mzee Maduhu

Mimi siyo mtu wa safari. Nikivuka Buhongwa tayari nahisi nimehama nchi. Ila safari hii ilianzia kwenye simu ya baba wa mtu, na simu ya baba wa mtu huwezi kuizima.

Kwa wasionijua: naitwa Neema, kazini naitwa DJ Furu. Nimezaliwa na wavuvi wa Majita, na furu ni samaki mdogo mwenye miiba mingi, kwa hiyo wanaonifahamu wanasema jina limepata mwenyewe. Watu wanadhani DJ wa hip-hop anaishi kwa miwani myeusi na usingizi wa mchana. Waulizeni majirani zangu wa Kiseke. Jumamosi asubuhi nipo ukumbini nafunga spika za send-off, shangazi wa bibi harusi amenisimamia kichwani anataka kwaya, mjomba anataka rumba, mshereheshaji anataka maiki isiyokoroma. Mchana nakunja nyaya. Jioni ndiyo nafika kwenye kilinge chetu, pale wachanaji wanaposimama duara na kurushiana mistari, mimi nawapigia mdundo. Send-off inanilisha. Kilinge kinanipa heshima, ila heshima haipikwi ikaiva.

Katika kilinge hicho mchanaji wangu ni Shija, mtoto wa Kisukuma anayekaa Buhongwa. Jukwaani anajiita Radi Kavu. Nilipomuuliza kwa nini kavu, alisema yeye hupiga bila kuleta mvua. Nikamwambia hiyo siyo sifa, kwa mkulima hiyo ni hasara tupu. Alininunia siku nzima. Lakini kuchana anajua, jamani, sitaki kumnyima haki yake. Nyimbo zetu zilikuwa nusu zimerekodiwa, nusu ziko kichwani kwake, na kichwa kile hakina nakala.

Ndipo baba yake, Mzee Maduhu, akapiga simu kutoka kijijini, mbele ya Sengerema. Miguu yake imeanza kukataa machungani na kijana wake wa pekee yuko mjini anapiga kelele. Baada ya mavuno kuna mashindano ya ngoma, na kundi moja limejitoa kwa kukosa manju, yaani kiongozi wao wa kuimba. Mzee akamwambia Shija aje kuziba pengo kwa hicho anachokifanya. Watu wa nyumbani wakisimama upande wake mpaka filimbi ya mwisho, arudi Mwanza na hataulizwa tena. Wakimwacha, begi libaki kijijini, achunge ng'ombe.

"Na umekubali?" nilimuuliza.

"Nimekubali. Watu watanikimbia mimi? Radi Kavu?"

Yesu wangu, nilisema moyoni. Nyimbo zangu zinaenda kuliwa na ng'ombe.

Siku ya safari, asubuhi, nilipakia spika mbili, jenereta na mikisa ya kuchanganyia sauti kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, nikaketi na dereva, tukashuka kumchukua Shija. Kama kawaida ya wachanaji wa Mwanza, alikuwa "njiani" huku nasikia kwenye simu maji ya kuoga yanamwagika. Alipotoka alikuwa amevaa koti la ngozi. Jua la Buhongwa linakausha dagaa, yeye na koti la ngozi.

"Huko kwenu kuna baridi?" dereva alimuuliza.

"Ni mwonekano, bro."

Dereva akanitazama. Mimi nikatazama barabara.

Usagara tulikata kulia kuelekea Kigongo. Zamani hapo ungesubiri kivuko huku unauziwa karanga, mayai na kila aina ya habari. Sasa unapita darajani, ziwa liko chini pande zote mbili, na kabla hujamaliza kushangaa uko Busisi. Shija alitaka tusimame apigwe picha na koti. Dereva alisema darajani hasimamishi gari kwa ajili ya koti la mtu.

Tulifika nyumbani kwao mchana. Mama yake alikuja kutupokea na vigelegele, akamvua Shija lile koti kabla hajamsalimia, akalitundika kwenye kamba ya nguo kama mtu anayeanika ngozi ya mbuzi. Tukaletewa michembe iliyopikwa na karanga, viazi vitamu vile vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Mzee Maduhu alikuwa kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, baba."

"Mashine yako inakula nini?"

"Petroli, baba."

"Afadhali. Mwanangu anakula michembe yangu na bado hatoi mwanga."

Shija alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Niliona anaogopa. Na mimi, kwa kumwona anaogopa, nikaanza kuogopa.

Alasiri tulifunga vyombo uwanjani, na hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo Shija alikuwa amelificha tangu Mwanza. Mimi nilijua tutapiga kwa zamu, wao kidogo, sisi kidogo. Thubutu! Kwenye ngoma za Wasukuma makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku, na watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Ukiwavutia wanakuja kwako, ukiwachosha wanahamia kwa mwenzako, na unawaona wakiondoka kwa macho yako.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nisingekuja.

Wapinzani wetu walikuwa kundi la bugobogobo, wanaume na wanawake wenye majembe, wanayarusha juu na kuyadaka kwa mpigo mmoja, nyuma yao ngoma kubwa unazozisikia kifuani. Manju wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Kabla filimbi haijapoa alishatutungia wimbo. Mama Shija alinitafsiria huku akijizuia kucheka: "Mwana wa Maduhu amerudi na masanduku mawili, tukadhani ni mahari, kumbe amefungia kelele!" Watu walikufa kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa upande wa masanduku.

Shija akaanza. Masikini, alianza na wimbo wake wa mwendo kasi, ule ambao hata kilingeni tunauelewa mara ya tatu. Bibi mmoja alimsogelea, akamtazama mdomo kwa makini, akageuka akaenda kwenye majembe. Wakamfuata kumi, halafu wengine. Upande wetu ukabaki na mbuzi na wale waliokuwa wameegemea kirikuu.

Nikafanya wanachofanya ma-DJ wote duniani na hawasemi. Nikapandisha mdundo na kushusha maiki. Nikachomeka besi ninayoitunza kwa ajili ya harusi zilizolala. Haikuchukua muda, vijana wakarudi, wamama wakarudi, mzee mmoja alicheza akiwa ameshika baiskeli yake. Nikamshusha Shija tena kidogo. Wakazidi kujaa. Yeye mwenyewe hakujua kitu. Alikuwa anatupa mikono, jasho linamtoka, anaamini maneno yake ndiyo yanayowachezesha, na ukweli ni kwamba alikuwa anasikika kama mtu anayegombana chumba cha jirani. Manju wa majembe alianza kututazama vibaya. Tulikuwa tunashinda. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Halafu nikamwona Mzee Maduhu anainuka kwenye kiti. Alipita katikati ya wachezaji na fimbo yake, mguu mmoja unamkatalia, mpaka mezani kwangu.

"Binti."

"Abee, baba."

"Huyu anasema nini?"

"Anachana, baba. Anatoa mashairi."

"Simsikii."

"Lakini watu wamejaa, baba. Mlikubaliana watu."

"Watu nimewaona," alisema. "Mwanangu ndiye sijamsikia."

Akabaki amesimama hapo hapo, sikio moja limegeukia spika, uso wa mtu anayejaribu kusikia jina lake hospitalini. Niliumia. Sitawadanganya, niliumia sana, maana nilijua nikipandisha maiki na kushusha mdundo, watu wataondoka, na wakiondoka begi linabaki, na begi likibaki sina mchanaji. Nilijifanya natengeneza waya. Mzee hakuondoka.

Nikashusha mdundo. Nikapandisha maiki mpaka pumzi ya Shija ikasikika.

Wakaanza kuondoka, kama nilivyojua, mwenye baiskeli akiwa wa kwanza. Shija alinitolea macho, akaninyooshea kidole juu, juu, pandisha. Nikatikisa kichwa na kumwonyesha baba yake. Akamwona. Akashusha kidole, kisha akauanza wimbo wa ndama.

Wimbo huo Mwanza nzima ya kilingeni inaujua. Unahusu mwaka wa ukame, mtoto anarudi kutoka malisho ya mbali na ndama aliyezaliwa njiani:

*Jua la kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno,*
*ndama mabegani, nikavuka mabonde matano.*

Mjini tumeshabishana sana kuhusu huyo ndama. Mwanachuo mmoja anasema ni taifa. Mwingine anasema ni dhamiri. Mimi mwenyewe nilihojiwa redioni nikasema, bila aibu, kwamba ndama ni ndoto za kijana wa Kitanzania.

Mzee Maduhu akainua fimbo. "Simama hapo!"

Nilizima mdundo wote. Hata ngoma za majembe zilipunguza.

"Ndama gani huyo?"

Shija alikuwa bado na maiki mdomoni, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia: "Yule mwekundu, baba. Wa paji jeupe."

"Alibebwa na nani?"

Shija akageuka kutazama majembe.

"Nakuuliza wewe. Alibebwa na nani?"

"Na wewe, baba," zikasema spika zangu mbili.

"Na wewe ulibeba nini?"

"Fimbo."

"Fimbo! Na ulikuwa unalia!"

Sasa ugomvi wa baba na mwana, tena kwa spika, ni ngoma gani itashindana nao? Watu walirudi mbio. Majembe yakawekwa chini, manju mwenyewe akaja akasimama mstari wa mbele. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, umati wote ulikuwa upande wetu, na Shija, pamoja na aibu yake, akapata tamaa.

"Baba, watu ndio hawa. Wamesimama kwangu."

"Hawa wamekuja kunisikiliza mimi," Mzee alisema. "Wewe umeshindwa."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ni kweli. Nikaanza kukunja nyaya. Shija aliniletea maiki mezani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, macho yake mekundu.

Mzee alikuwa bado amesimama. "Huo wimbo uko wapi?" aliuliza.

"Uko kwenye simu za watu, baba. Mwanza, Dar, kote."

"Na wote huko wanajua wewe ndiye uliyembeba?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alichora vumbini kwa ncha ya fimbo. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nilidhani ulishamsahau yule ndama." Akajikohoza. "Chukua begi lako. Huwezi kukaa hapa unachunga ng'ombe wangu wakati huko duniani umeninyang'anya ndama. Nenda ukaurekebishe huo wimbo."

"Na ng'ombe, baba?"

"Watachungwa na kijana wa mjomba wako. Ng'ombe hawajui radi wala wingu."

Nilimkumbatia Mama Shija, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Kesho yake tulirudi na gunia la michembe juu ya jenereta. Koti la ngozi Shija alilisahau kwenye kamba, au mama yake alilificha, sijui. Njia nzima, Sengerema, Busisi, mpaka tumeliona ziwa, alikuwa ananong'ona mistari na kujifuta machozi akidai ni upepo wa dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kiseke tulirekodi upya. Shija alilalamika kwamba "baba alimbeba, mimi nyuma na fimbo nalia" haina vina, inavunja mdundo, itamharibia jina. Nikampa simu nikamwambia ampigie Mzee Maduhu amweleze kuwa vina vimekataa. Hakupiga. Aliuingiza mstari kama ulivyo, bila kina, na pale kwenye neno "baba" nilitoa mdundo wote. Miaka yote nimejisifu kwamba najua kujaza uwanja. Kumsikilizisha mtu mmoja ni kazi nyingine, na bado najifunza.

Tulimtumia Mzee wimbo kupitia simu ya mjomba wa Shija. Tukakaa studio, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka simu ikaita. Shija aliweka sauti ya nje.

"Nimesikia," Mzee alisema. Tukasikia ng'ombe nyuma yake. "Ila yule ndama alikuwa mzito kuliko ulivyosema."