Kura Niliyopiga Nikiwa Chooni

Usiku wa kuamkia Alhamisi ile sikulala, nikijiuliza jambo moja tu: nikinyoosha mkono Yvonne abaki kikundini, Pat ataninunia, nisiponyoosha, nitamtazamaje Yvonne? Naona haya hata kusimulia, lakini mmeniomba wenyewe, basi chekeni taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu juzi tu, sina kazi, nimepanga chumba mtaa wa Kilburn huko ughaibuni, na furaha yangu yote ilikuwa kikundi chetu cha wanawake tunaopenda wanawake, tuliokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wenye zulia linalonuka unyevu (hadi leo nikiisikia harufu ile moyo unalainika). Yvonne alilelewa kama mvulana, ukubwani akaishi kama mwanamke alivyojijua, na zaidi ya pale kwetu hakuwa na pa kwenda. Pat, mkubwa wetu, akasema, "Tulihangaika miaka kupata mahali pasipo na wanaume." Wengine wakamjibu, "Kwani hapa mwanaume yuko wapi?" Ikaamuliwa ipigwe kura, Yvonne angoje koridoni.

Mimi nikaamua kitu kidogo tu: niende chooni, nirudi mikono ikishahesabiwa. (Chai nilikuwa nimeinywa kwa fujo makusudi, ili nisiwe mwongo.) Nikajifungia, nikangoja, kisha nikavuta komeo, wapi! Nikatikisa, nikasukuma kwa bega, kelele zikamleta Yvonne.

"Umekwama?"

"Kidogo."

"Wameshaamua?"

"Sijui, nilitoka kabla."

"Mimi nimetolewa, mwenzangu. Wewe umetoka mwenyewe?"

Nikatikisa komeo tena, mara nikasikia viatu vya kikundi kizima, maana kura zilikuwa sare na kanuni yetu ilitaka kila aliyekuja apige. Jassi, Mpunjabi wa Southall aliyezaliwa Kisumu, akanipigia kelele kwa Kiswahili, "Wewe dada, umehamia choo? Toka!"

"Komeo limekwama!"

"Basi piga humo humo, tunakungoja!"

Pat akauliza, kwa sauti yake ya mikutano, nani anataka Yvonne abaki. Ningeweza kujibu kwa mdomo, lakini kwetu kura ni mkono (ndivyo nilivyowaza, mimi na kichwa changu cha kuchambua kila kitu), nikapanda juu ya choo, nikaunyoosha mkono juu ya mlango, mguu ukateleza ukazama majini na kiatu chake, maji yakatapakaa hadi miguuni mwao, wakaangua kicheko. (Tangu hapo nimeapa: palipo na kura nakaa kiti cha mbele, na chai siigusi.)

"Huo mkono ni kura au unaomba msaada?" Jassi akauliza.

"Ni kura! Abaki!" nikasema, mguu mmoja majini, na mkono sikuushusha mpaka Pat alipouhesabu kwa sauti.